Kijana wa Katuba na wimbo wa nkambo wake

Jumapili alasiri, katika parseli moja ya komini ya Katuba, kijana mmoja alikaa na gitaa mbele ya nkambo wake. Familia ilikuwa inajitayarisha kumaliza matanga, na mama mzee alitaka wimbo wa kijiji chake uimbwe siku hiyo.

Kijana hupiga gitaa katika korali ya kanisa. Alisikiliza, akaona wimbo unatulia kwenye Re, akaingia na akodi mbili alizozizoea: Re mineri na Sol mineri. Mama mzee aliimba mistari miwili, akanyamaza.

"Huo si wimbo wetu," alisema.

Kosa lilikuwa noti moja tu. Sol mineri ina Si bemoli. Nkambo alikuwa anaimba Si ya kawaida. Kijana angeweza kusema mzee ndiye anayekosea. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa: wimbo wa wazee unanyooshwa mpaka uingie katika akodi ambazo mpigaji anazijua. Wazee wakiondoka, watoto wanabaki na ule ulionyooshwa.

Hapo ndipo modi zinamsaidia mpiga gitaa. Chukua Do, Re, Mi, Fa, Sol, La, Si. Usibadilishe hata noti moja, lakini anzia Re na urudi kutulia Re: hiyo ni modi ya doriani. Ukitulia kwenye Sol, ni miksolidia. Noti ni zilezile, ila nyumbani pamehama, na ladha ya wimbo inageuka. Anayejua hilo haanzi kwa kutafuta akodi. Anauliza kwanza: wimbo unatulia wapi, na unatumia noti gani?

Kuna watakaosema kwamba gitaa la Katanga lilikuzwa na masikio. Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, na dunia ikasikiliza. Ni kweli, sikio ndilo la kwanza. Lakini kijana wa leo anakua na muziki wa simu na kinanda cha kanisa. Nyimbo za kijiji anazisikia siku za kilio tu. Modi zinamsaidia kutambua kile ambacho sikio lake halijazoea.

Wala modi si sheria. Kuna sauti za kijijini zinazokaa katikati ya noti mbili za gitaa, na hapo afadhali mpigaji anyamaze kidogo, aache sauti ipite.

Katuba, kijana aliachia Sol mineri, akapiga Sol ya kawaida. Kamba ya pili, bila kuguswa na kidole, ikatoa Si. Nkambo alianza tena mwanzoni, na safari hii akaufikisha wimbo mwisho.