Miaka Yangu ya Ukatekista

Kazi niliyoishika tangu ujana wangu hata nikaota mvi ilikuwa ukatekista katika vigango vya Ungoni, nchi iliyopokea imani ya Kikatoliki kwa njia ya misioni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898 na Padre Cassian Spiss, ambaye baadaye, akiwa askofu, aliuawa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Nayataja haya mapema kwa sababu wazee walionifundisha dini walikuwa wana wa watu walioiona misioni ile ikiteketezwa kwa moto na kujengwa upya, na kwa hiyo kwao ubatizo ulikuwa ahadi iliyokwisha kutiwa mtihanini.

Padre alikuwa mmoja na vigango vingi, na wakati wa kifuku njia hazikupitika. Basi Misa ilikuwa jambo la kungojewa kwa shauku, na Jumapili nyingine niliongoza sala na masomo mimi mwenyewe, nikawafundisha wakatekumeni, nikawaendea wagonjwa, na mtoto alipokuwa katika hatari ya kufa nilimbatiza kwa maji na maneno yaliyoamriwa, maana katika dharura hiyo Kanisa halimngoji padre.

Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokutana tangu 1962 hata 1965, Misa ilisomwa kwa Kilatini, nasi tuliitikia kwa taadhima maneno ambayo wengi wetu hatukuyafahamu. Kiswahili kilipopanda altareni, na ngoma zilizokuwa zikingoja nje zikaingia ndani, baadhi ya wazee walihuzunika wakidhani utakatifu umepungua. Mimi sikuafikiana nao, kwa kuwa kwa mara ya kwanza niliwasikia watu wakijibu sala kwa sauti ya wanaojua wanachoomba.

Lakini sikukuu iliyokikusanya kijiji kuliko zote, ghairi ya Pasaka, ilikuwa kipaimara. Habari ya kuja kwa askofu ilipofika, vijana walilima njia, wasichana wakapaka kuta za kanisa udongo mweupe, na akina mama wakatwanga mahindi na kuvundika togwa, huku mimi nikiwasikiliza watoto mafundisho yao jioni baada ya jioni, kwani aghalabu askofu aliwauliza mwenyewe mbele ya wazazi. Kwa taratibu ya zamani, baada ya kuwapaka krisma aliwapiga kofi jepesi shavuni, ili wakumbuke kwamba shahidi wa Kristo sharti avumilie. Na wako watu wazima walioniambia kwamba katika siku ile yote walichokihifadhi ni kofi lile. Baada ya Misa ngoma ya lizombe ilichezwa uwanjani, na majirani zetu Waislamu, ambao katika Ungoni si wachache, waliombwa wachinje mbuzi wenyewe, ili kila aliyefika ale bila shaka moyoni. Sijapata kusikia hotuba iliyofundisha ujirani kwa ufasaha kuliko sahani zile.

Ndiyo maana imenisikitisha mno kuiona karamu, iliyokuwa mtumishi wa sakramenti, ikigeuka bwana wake. Ndoa inadai ridhaa ya wawili, padre au shemasi wa kuipokea, na mashahidi wawili, baada ya kutangazwa kanisani; wala sheria haitaji gari lililopambwa, wala sare, wala keki. Walakini nimewajua watu waadilifu, waliozaa na kulea pamoja kwa amani, ambao walikaa miaka mingi bila kukaribia Komunyo, wakiona haya kufunga ndoa bila harusi ya fahari, na wengine walifungishwa wakiwa wagonjwa kitandani, palipokuwa hapana tena wa kumwonea haya. Ubatizo nao umeanza kucheleweshwa kwa sababu hiyo hiyo, hata mtoto anatembea ndipo wazazi wanapotafuta wasimamizi wenye uwezo badala ya wenye imani.

Nawasihi basi wazazi, wasimamizi na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo: wapelekeni watoto wenu wabatizwe wakiwa wachanga, wapelekeni vijana wenu wafunge ndoa pindi wanapoafikiana, na kama nyumbani pana togwa tu, waiteni majirani waje wanywe togwa.