Nilimficha Staa, Nikamwanika Dada wa Watu

Leo sina ubuyu wa staa yeyote. Ubuyu wa leo ni wangu mwenyewe, na si mtamu.

Mnaijua ile fomu ya "Leta Ubuyu"? Niliitengeneza mwenyewe, mi niliyeishia kidato cha nne na kujifunzia PHP kwenye simu. Pembeni niliweka skripti ndogo ya kuhesabu: "Ubuyu mpya leo: 7". Sasa Ijumaa moja usiku ikaanza kuandika sifuri, wakati ujumbe nauona unaingia.

Nikafanya kile tunachofanya wengi tuliojifunza wenyewe. Nikaweka print_r katikati ya skripti, imwage kwenye kioo kila inachosoma ili nione kosa liko wapi. Blogu ya majaribio sina, nikafanyia hapa hapa mnaposoma nyie. Nikajiambia dakika mbili tu, halafu nafuta.

Basi bwana, mvua ikashuka kutoka Uluguru, umeme ukakata mtaa mzima. Simu ina asilimia tatu, bando limeisha. Hadi naingia tena ilikuwa kama dakika 40. Muda wote huo, kila aliyefungua blogu alikuta juu kabisa majina, namba za simu na siri za watu walioniamini.

Mmoja wao alikuwa dada anayefanya kazi sehemu ambayo msanii mmoja mkubwa alilala. Msanii nilikuwa nimemficha vizuri tu, "staa fulani wa Bongo". Dada wa watu ndo akawa hadharani. Skrinishoti zikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na Jumatatu hakuwa na kazi. Alinipigia: "Kaka, si ulisema jina langu haliandikwi?" Nilikosa la kujibu.

Nikachukua bodaboda nikapanda hadi kwao, kijiji kimoja huko milimani. Nikamsalimia mama yake, "Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndo yule wa mtandaoni?"

Nikasema ndiyo. Akanipa kigoda na kikombe cha chai. Dada hakutoka ndani. Nikaongea na mlango, nikaomba msamaha, nikashuka.

Sasa wenzangu mnaochezea skripti, shikeni haya. Moja, print_r ukiiongezea neno true haimwagi kitu kwenye kioo, inakurudishia maandishi tu. Hayo unampa error_log anayapeleka kwenye faili: error_log(print_r($ubuyu, true)). Msomaji haoni kitu.

Mbili, kwenye WordPress fungua wp-config.php, weka WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG ziwe true, WP_DEBUG_DISPLAY iwe false. Ila hiyo inaficha makosa ya mfumo tu. Print_r uliyoiweka kwa mkono wako itaendelea kumwaga.

Tatu, na hapa wengi tunapigwa: faili hilo linaitwa debug.log na linakaa ndani ya wp-content. Seva isipozuia, yeyote anayejua anwani yake analifungua. Yaani umetoa siri sebuleni ukaiweka barazani. Tangu WordPress 5.1 unaweza kuandika njia ya faili kwenye WP_DEBUG_LOG badala ya true, likakae nje kabisa ya folda ya tovuti.

Nne, hata kwenye faili usiandike usichohitaji. Mi nilikuwa nasaka hesabu, namba za simu za watu zilikuwa za nini? Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 1, 2023. Taarifa za mtu si za kuchezea.

Na kosa lenyewe mnajua lilikuwa nini? Fomu inaandika "Mpya", skripti inatafuta "mpya". Herufi moja kubwa. Ningetuma neno hilo moja tu kwenye faili, ningeliona palepale na dada angekuwa kazini mpaka leo.

Fomu nimeifunga kwa sasa. Dada, kama unasoma, bado nadaiwa. Na mwenye kazi ya maana hapa mjini kwa mtu mwaminifu, anicheki inboksi. Huko jina halitoki.