Mgunda Mkali kwa Ndege

Kwa babu yangu, umbali wa Tabora hadi pwani haukuwa maili wala kilometa. Ulikuwa majina ya kambi. Aliyapokea kwa baba yake, pagazi aliyebeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo kabla Wajerumani hawajaifikisha reli Tabora mwaka 1912: Rubuga, Tura, Mgunda Mkali, Ugogo, Mpwapwa, milima ya Usagara, mto Kingani. Mzigo wa frasila mbili begani, miezi mitatu njiani mambo yakienda vizuri. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba 7. Safari yao imeandikwa vitabuni. Wanyamwezi waliokwenda na kurudi njia hiyohiyo miaka nenda miaka rudi hawakuandikwa hata majina, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mwaka 1978 babu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Baba mdogo, aliyefanya kazi Dar es Salaam, akatuma tiketi mbili za Air Tanzania ili mzee akapasuliwe. Mimi nilikuwa sekondari, nikachaguliwa kumsindikiza. Ndege ilikuwa Friendship, ya mapangaboi, mabawa juu ya madirisha.

Tulipopaa, babu alinishika mkono. "Mjukuu wangu, niambie tukifika Tura."

Nikachungulia. Chini kulikuwa na miombo tu, na vivuli vya mawingu. Nikamwambia hivyo. Akaanza kuhesabu mwenyewe, polepole, kwa mwendo wa miguu. Mgunda Mkali, alisema, hauna maji: watu waliondoka adhuhuri, wakalala na kiu porini, wakakifikia kisima kesho yake asubuhi. Akaingia Ugogo, akaanza kueleza hongo walizotozwa na watemi wa huko, nguo na shanga. Hapo mhudumu akamwinamia: "Mzee, funga mkanda, tunashuka Dar es Salaam."

"Na Mpwapwa?" babu akauliza. "Na milima?"

Kwa mstari ulionyooka ni kama kilometa 730, na safari haikuchukua hata saa mbili. Nilipomweleza, alikaa kimya hadi magurudumu yakagusa chini. Ndipo akasema mdogo wake baba yake alikufa kwa ndui ndani ya Mgunda Mkali, akaachwa huko kwa sababu msafara usingeweza kungoja pasipo maji. Alitaka nimwoneshe mahali.

Jicho la kulia lilipopona alikataa katakata kurudi kwa ndege. Tukapanda treni ya Reli ya Kati. Saranda watu walinunua kuku, yeye hakula. Itigi, ndani ya Mgunda Mkali wake, treni iliposimama aliniomba nimshushe. Akatoa unga wa mtama kwenye kitambaa, akaumwaga kando ya reli, akamwita marehemu kwa jina lake, akamweleza nani amezaliwa na nani amekufa nyumbani. Hakufupisha. Kipyenga kikalia, mimi namvuta mkono, abiria wanatupigia kelele madirishani, naye bado anataja wajukuu. Nilitajwa wa mwisho, na shule ninayosoma. Behewa lilikuwa limeshaanza kusogea vijana wawili walipomwinua kwapani na kumpandisha.