Jiwe la Mwanza na Jiwe la Kilimanjaro

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Moshi kwa njia ya Singida huona mawe ya namna mbili. Yote yametokana na moto wa chini ya nchi, walakini hayafanani hata kidogo. Safari hiyo nimeifanya zaidi ya mara moja, na njiani nimesikia watu wakinena kwamba Wasukuma hawajui kulima kama Wachagga. Asemaye hivyo hajayatazama mawe.

Pale Mwanza mawe makubwa kama nyumba yamepandana juu ya vilima, na mengine yamesimama majini katika Ziwa Victoria, kama lile liitwalo Bismarck. Hayo ni graniti. Ukivunja kipande utaziona chembe zake kwa macho: nyeupe au za waridi, nyingine kama kioo, na vipande vyeusi vya ulanga ving'aavyo. Chembe zilikua hivyo kwa kuwa uji wa mawe haukutoka nje, bali ulipoa ndani ya ardhi, polepole mno. Hayo yalitukia zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Baadaye maji yalipenya katika nyufa, yakazila pembe za jiwe. Na udongo wa juu ulipochukuliwa na mvua, mawe yakatokea yakiwa mviringo. Mtoto akiyaona hudhani majitu ndiyo yaliyoyapanga.

Lakini chembe zile za kioo haziozi. Graniti ikichakaa huacha mchanga, ambao Wasukuma huuita luseni, na mvua hupita ndani yake ikichukua rutuba kwenda bondeni. Basi mtu wa huko hupanda mihogo na viazi vitamu mahali pa mchanga, na mpunga pale chini maji yatuamapo. Je, huyo hajui kulima?

Singida nako ni graniti vivyo hivyo. Hata ukiukaribia mlima Hanang, nchi hugeuka, kwa maana mlima ule ulijengwa na volkano.

Kilimanjaro ulianza kujengwa yapata miaka milioni 2.5 iliyopita, kwa umri wa mawe, ni mtoto mchanga mbele ya Mwanza. Uji wake ulimwagika nje, ukapoa upesi, chembe zisipate nafasi ya kukua. Kwa hiyo basalti ya huko ni nyeusi, nzito, laini kwa macho, na mara nyingi ina vitundu vilivyoachwa na hewa ya moto. Ndani yake mna chuma na chokaa kwa wingi kuliko katika graniti. Jiwe likioza, chuma hushika kutu, na udongo huwa mwekundu, wenye kushibisha migomba na kahawa. Tena mvua ya msituni huzama katika nyufa za lava, ikatokea chini kuwa chemchemi, kama zile za Rundugai. Kuchimba mifongo ya kuleta maji mashambani ni kazi ya mikono ya Wachagga, nami naisifu. Lakini udongo waliukuta.

Walimu wapatao vipande viwili na waviweke mezani darasani. Kisha wafunge sumaku ndogo kwa uzi, waining'inize karibu na kila jiwe. Kwa graniti kwa kawaida itatulia. Kwa basalti itavutwa kidogo, na watoto watauliza kwa nini.