Pete Haizai

Katika safari nzima ya posa yangu niliulizwa maswali mawili tu. La kwanza liliulizwa na baba mkubwa siku washenga walipoleta barua. Niliitwa kutoka chumbani, nikapiga magoti karibu na mlango, nikaulizwa kama nawafahamu wageni hawa. Nikasema nawafahamu. Nikarudishwa chumbani, na mengine yote, idadi ya ng'ombe, wangapi waje kwa miguu na wangapi waje kama fedha, mablanketi ya bibi, yakamalizwa sebuleni huku nikiyasikia vipande vipande kupitia ukutani. Swali la pili aliniuliza mchumba wangu wiki tatu baadaye, tukiwa tumesimama kwenye daladala ya kwenda Mwenge: "Pete unataka ipi?"

Wenzangu darasani walinicheka nilipowaambia kwamba swali hilo limeninyima usingizi. Tunasoma uzamili wa historia, na kwa watu wa historia pete ya almasi ni mteremko. Kila mtu anajua kisa cha De Beers na wakala wao wa matangazo, N. W. Ayer wa Marekani. Mwaka 1947 mwandishi wao, Frances Gerety, aliandika maneno machache ya kusema kwamba almasi ni ya milele, na tangu hapo watu wengi wameamini kuwa ndoa bila jiwe hilo haijakaa sawa. Gerety mwenyewe hakuwahi kuolewa. Rafiki yangu mmoja hulitaja hilo kila mara kana kwamba linafunga kesi.

Sibishani naye. Lakini kujua kitu kilikotoka hakukuondolei hamu yake. Shela nalo lilikuja na watu, keki ilikuja na watu, na huyohuyo rafiki yangu alikata keki ya ghorofa tatu. Mimi nilitaka pete kwa sababu katika mambo yote ya posa, hiyo ndiyo iliyokuwa inakuja kwangu. Ng'ombe walikuwa wa ukoo. Na nilitaka almasi kwa sababu nyingine, ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

Kwao mama ni Kishapu, si mbali na Mwadui. Nilipokuwa mdogo nikienda likizo kwa bibi, Mwadui lilikuwa jina linalotajwa kwa sauti tofauti kidogo, kama mtu anavyomtaja jirani tajiri asiyemsalimia. Ndipo mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, alipogundua almasi mwaka 1940. Ndipo pia lilipopatikana lile jiwe la pinki la karati 54.5, mwaka uleule wa 1947 ambao Gerety aliandika maneno yake. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe zima halikufika hata gramu 11. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi. Lilikatwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaliweka katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Nimeangalia picha zake mara nyingi kuliko inavyofaa. Kila nikiliona nafikiri: hilo limetoka kwa kina bibi.

Basi nilitaka jiwe dogo kabisa la Mwadui. Nilidhani ni jambo la kuomba tu.

Sonara tuliyekwenda kwake, katika Mtaa wa Indira Gandhi, alikuwa mzee mpole mwenye kikuza-macho kilichofungwa kwa uzi shingoni. Alitupa mafunzo ya saa nzima bila haraka. Almasi hupimwa kwa uzito, rangi, usafi na ukataji. Rangi hupewa herufi, kuanzia D ambayo ni nyeupe kabisa hadi Z yenye umanjano. Akatuambia tusihangaike na D, kwa sababu kwenye dhahabu ya njano jicho halitaona tofauti na herufi kadhaa za chini yake. Ukataji ndio tusiuonee bahili, maana jiwe lililokatwa vibaya hupoteza mwanga hata likiwa safi. Alinipa kikuza-macho nitazame. Ndani ya jiwe la karati 0.30 niliona kidoa cheusi, kidogo kuliko nukta.

Nikamuuliza kama analo la Mwadui. Akacheka, si kwa dharau. Alisema huenda analo, huenda hana. Mawe huuzwa ghafi nje ya nchi, na sehemu kubwa ya almasi za dunia husuguliwa Surat, India, kisha hurudi sokoni yakiwa yamechanganyika. Akafungua hati ya lile jiwe: vipimo hadi sehemu za milimita, rangi, usafi, hata namba iliyochongwa kwa leza kwenye ukingo wake. Kila kitu isipokuwa nchi. Nikiwa mwanafunzi wa historia, sijawahi kuona nyaraka iliyojua mengi hivyo ikanyamaza kuhusu jambo moja.

Bei ya pete yenye jiwe hilo ilikuwa milioni 2 na laki 6. Kwa chumba ninachopanga Changanyikeni, hiyo ni kodi ya zaidi ya mwaka. Mchumba wangu ni mwalimu wa sekondari. Aliniangalia, akamwangalia sonara, akasema, "Tutarudi." Nje akaniambia kwamba ameshaongea na SACCOS ya kazini.

Hapo ndipo tulipogombana, tukitembea kuelekea Posta kwenye jua la saa nane. Nilimwambia sitaki kuvaa deni. Sonara alikuwa ametuonyesha pia almasi ya maabara, ambayo ni kaboni ileile, ugumu uleule, ila imekuzwa ndani ya mashine, na pete yake ilikuwa chini ya nusu ya bei. Nikasema tuchukue hiyo.

"Kwa hiyo mimi nikuchumbie kwa kitu feki?"

"Si feki. Umemsikia mzee mwenyewe."

"Kwenu wametaja ng'ombe kumi na wawili sikubisha. Hiki kimoja nachochagua mwenyewe ndiyo unataka kukipunguza?"

Sikuwa nimefikiria hivyo. Sebuleni siku ile hata yeye hakuwamo. Wazee wake walijadiliana na wazee wangu, naye akapigiwa simu kuambiwa jumla. Kumbe tulikuwa wawili tuliosikia mambo yetu kupitia ukutani, na pete ilikuwa neno lake la kwanza pia.

Tulikaa siku tisa bila kuitaja. Katika siku hizo nilisoma tena habari za Mwadui, safari hii si za kina malkia. Mwaka 2021 kampuni iliyokuwa ikiumiliki mgodi ilikubali, bila kukiri hatia, kulipa pauni milioni 4.3 katika madai ya wanavijiji waliosema walipigwa na kujeruhiwa kwa risasi na walinzi. Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi zilibomoka, na tope likafunika nyumba na mashamba. Jiwe nililokuwa nikilitamani kama ukumbusho wa nyumbani lingekuja na hayo yote bila hati kuyataja. Maabara nayo inakula umeme mwingi; sikumgeukia mwenzangu na hotuba ya usafi wa moyo. Nilimwambia tu kwamba jiwe linaweza kuwa la mashine, lakini dhahabu aichague yeye, na aifanye nzito. Dhahabu hupimwa, na siku ya shida sonara yeyote ataipima tena.

Alinyamaza kidogo. "Gramu ngapi?"

"Kadiri ya mfuko wako. Bila SACCOS."

Alichagua gramu tano, dhahabu ya karati 18, na akakaa mwenyewe na sonara kuamua upana wake. Mimi nilisubiri nje, kwa hiari yangu.

Mwezi uliofuata shangazi alikuja Dar kutibiwa macho. Ndiye aliyesimamia mahari upande wetu, na alipopata habari za pete kwa simu alikuwa amesema neno moja tu: pete haizai. Aliishika mkono wangu karibu kabisa na uso wake.

"Hili jiwe limechimbwa wapi?"

"Halikuchimbwa, shangazi. Limetengenezwa."

Akaivua kidoleni mwangu bila kuuliza, akaiweka kiganjani, akaipandisha na kuishusha taratibu kama anavyopima nyama buchani.

"Dhahabu yake je?"

"Gramu tano."

"Kachagua nani?"

"Yeye."

Akaitazama tena, kisha akaijaribu kwenye kidole chake kidogo. Haikupita kwenye kifundo. Alikaa nayo pale, ikiwa nusu imeingia, hadi mama alipotuita chakula.