Unataka kuwa kedi? Jifunze kutazama na kunyamaza

Ukitoka Posta kwa miguu kuelekea baharini, ukaipita Makumbusho ya Taifa, kelele za magari zinabaki nyuma na mbele yako zinatokea nyasi, kijani tupu. Hapo ndipo Gymkhana, Dar es Salaam. Wengi wetu tunapita tukijisemea, "Aah, mambo ya mabosi hayo." Lakini hebu angalia vizuri. Bosi anatembea na fimbo moja mkononi, kando yake kuna kijana kabeba begi lenye zile zilizobaki. Huyo ndiye kedi, na wiki hii tuko naye.

Kazi hii haikuulizi ulipata divisheni ngapi. Unadamka, unavaa safi na raba isiyoteleza, unakwenda klabuni kumwona msimamizi wa makedi. Akikukubali, siku za mwanzo fuatana na wakongwe uone wanavyofanya. Shikamoo usiziache nyumbani, maana hao ndio walimu wako.

Somo la kwanza ni kuhesabu. Sheria inaruhusu fimbo 14 tu kwenye begi. Ikizidi hata moja, mchezaji anaongezewa mapigo mawawili kwa kila shimo alilocheza hivyo, mwisho manne. Hesabu kabla mpira wa kwanza haujapigwa.

Somo la pili ni macho. Mpira ukiruka, usimtazame bosi, tazama unakoangukia na uweke alama: mti ule, kichuguu kile. Tangu 2019 muda wa kuutafuta ni dakika 3, zamani zilikuwa 5. Zikiisha, mpira umepotea kisheria, na bosi atakununia hadi shimo la 18.

La tatu ni kunyamaza. Mtu akijiandaa kupiga, usitembee, usipige stori, wala usisimame nyuma yake kwenye mstari wa mpira. Kedi akivunja sheria, adhabu anaibeba mchezaji. Ila kuna utamu wake: katika mchezo wa kila mtu kivyake, wewe ndiye mtu pekee ambaye bosi anaruhusiwa kumwomba ushauri. Mwenye gari kubwa anamuuliza kijana wa daladala, "Hapa nipige na ipi?" Jibu lako lina uzito, kwa hiyo usibahatishe.

Sasa tuongee mshiko. Katika viwanja vingi vya kwetu kedi hana mshahara wa mwezi, analipwa kwa raundi. Mashimo 18 ni kama saa 4 za kutembea juani na begi begani. Mvua ikinyesha, au usipochaguliwa, unarudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana mwenye akili anakuwa na shughuli nyingine ya pembeni.

Mlango wa mbele nao upo. Dismas Indiza wa Kenya alianzia kwenye ukedi kule Mumias, akaja kuwa mchezaji wa kulipwa. Seve Ballesteros wa Hispania alikuwa kedi utotoni, na mwaka 1979 akatwaa ubingwa wa The Open, Uingereza.

Tusidanganyane, si kila kedi atafika huko. Lakini siku bosi atakaposhuka kwenye gari na kukuulizia kwa jina kabla hata hajafungua buti, ujue umeshapata kazi.