Kagera Iliyomo Ndani ya Filamu

Ukibahatika kuwapo Unguja wakati wa Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, utaketi jioni ndani ya kuta za Ngome Kongwe, chini ya mbingu wazi, ukitazama filamu kutoka pande nyingi za dunia. Tamasha hilo lilianza mwaka 1998. Wengi huvutwa na filamu za hadithi, zenye mapenzi na magomvi. Lakini usiinuke kabla ya zile filamu mpya za hali halisi, ambazo wahusika wake ni watu waliopigwa picha wakiwa katika shughuli zao wenyewe. Na ukishaziona, jiulize: pale palipopigwa picha pakoje baada ya mpiga picha kufunga mizigo yake?

Kwa filamu za zamani swali hilo linajibika, na mahali pazuri pa kulijibia ni Kagera.

Mji wa Bukoba umekaa kando ya Ziwa Viktoria, Mto Kanoni ukipita ndani yake. Ukitoka mjini kidogo tu unaingia katika vibanja: migomba iliyosongamana, mibuni chini ya kivuli chake, na nyumba zilizojificha humo hata usizione mpaka ufike mlangoni. Ukikaribishwa utapewa buni zilizochemshwa na kukaushwa, uzitafune. Usikatae, hata kama umezoea kahawa ya kikombe.

Upande wa Maruku kuna kijiji cha Katuruka. Wazee wa hapo walikuwa na masimulizi juu ya Mfalme Rugomora Mahe na mnara wa chuma aliotaka ufike mbinguni, na walionyesha mahali paitwapo Kaiija, penye mti mkubwa, kuwa ndipo chuma kilipofuliwa. Mwanaakiolojia wa Kimarekani, Peter Schmidt, aliyafuata masimulizi hayo badala ya kuyapuuza. Alipochimba alikuta mabaki ya ufuaji wa chuma wa yapata miaka 2,000 iliyopita. Wasomi wangapi wa zama zile wangemwamini mzee wa kijijini kiasi hicho?

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walikubali kuyeyusha chuma tena, kazi ambayo ilikwisha kuachwa kwa miongo mingi baada ya vyuma vya Ulaya kujaa madukani. Walichimba shimo, wakalitandika kwa udongo wa kichuguu, wakachoma ndani yake nyasi za bwawani. Juu wakajenga tanuri kwa mavi ya chuma ya zamani, wakapitisha mabomba ya udongo, kisha wavutaji wa mivuo ya ngozi ya mbuzi wakaanza kazi. Majaribio ya kwanza hayakufaulu, kwa maana mikono nayo husahau; lakini hatimaye chuma kilipatikana. Mwaka 1978 Schmidt na mwenziwe Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mabomba yale, kwa kuingia ndani sana ya tanuri, yaliipasha hewa joto kabla haijafika kwenye makaa. Wataalamu wengine walibisha, na ubishi huo uliendelea kwa miaka mingi.

Filamu iliyoeleza ufundi huo, *The Tree of Iron*, yaani Mti wa Chuma, ilitoka mwaka 1988. Wakati huo msiba mwingine ulikwisha kuingia vijijini. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini mwetu waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vibanja vingi vilibaki na bibi na wajukuu. Aliyepaswa kurithi masimulizi alizikwa kabla ya aliyepaswa kumrithisha. Miaka ya 2000 wanakijiji wa Katuruka walianza wenyewe kuwahoji wazee waliosalia, na kujenga upya nyumba ya msonge kwa kumbukumbu ya Mahe. Kwa watu hao filamu ile si starehe. Ni hati.

Sasa tushuke kusini. Barabara inakupitisha Kemondo, bandari ambako meli ya MV Bukoba iliongeza abiria katika safari yake ya mwisho. Ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya watu wakafa. Halafu unaingia Wilaya ya Muleba, na huko ndiko Kaboya.

Kaboya ni makaburi ya askari wetu waliokufa katika vita vilivyoanza Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia nchi hadi Mto Kagera. Majina 619 yameandikwa pale. Filamu ya rangi iitwayo *Vita vya Kagera* ilitolewa mwaka 1980, Kampuni ya Filamu ya Tanzania iliyokuwa mali ya serikali ikiwa miongoni mwa watengenezaji wake, nayo ilisisitiza ushujaa na uthabiti wa askari. Ilistahili kufanya hivyo. Lakini filamu ya vita hulifuata jeshi, na jeshi letu lilikwenda mbele, likaingia Kampala Aprili 1979. Mkulima wa Kyaka aliyerudi akakuta zizi tupu alibaki nyuma ya kamera.

Utasoma majina hayo polepole, mstari kwa mstari, kwa kuwa hakuna mtu wa kukuharakisha.

Waandaaji wa matamasha nao wana la kufanya. Wazee wanakumbuka magari ya sinema ya serikali yaliyozunguka vijijini na kutundika shuka jeupe uwanjani. Uwanja wa Kaitaba upo Bukoba, una nafasi tele. Filamu hizi mbili zionyeshwe hapo usiku mmoja, kwa maelezo ya Kiswahili, watoto wakae mbele, na wajukuu wa wafua chuma wa Katuruka wapelekewe basi.